Kuitazama Mirihi kwa Darubini: Mwongozo Kamili

Anayeitazama Mirihi kwa darubini kwa mara ya kwanza huona kitufe kidogo cha rangi ya chungwa kinachochezacheza kama sarafu iliyo chini ya maji. Hutazama dakika mbili, akasema hakuna kitu, akaigeuzia darubini Zohali. Mwingine akikaa kwenye darubini hiyohiyo, usiku huohuo, kwa nusu saa, ataona kofia nyeupe ya barafu kwenye ncha, madoa meusi yenye majina yake, na pengine wingu ukingoni mwa sayari. Mirihi inahitaji muda na maandalizi kuliko sayari nyingine yoyote angavu, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo haigharimu chochote.

Wiki za kuitazama

Kipenyo cha Mirihi ni kilomita 6,779, kama nusu ya kipenyo cha Dunia, na umbali wake kutoka kwetu hubadilika mno. Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365, Mirihi kwa siku 687. Kwa hiyo Dunia, iliyo kwenye njia ya ndani, huipita Mirihi mara moja kila baada ya miezi 26 hivi. Inapoipita, Mirihi huwa mkabala na Jua: huchomoza Jua linapozama, hufika juu kabisa usiku wa manane, hutua alfajiri. Hizo ndizo wiki zako.

Ukubwa wa sayari angani hupimwa kwa sekunde za tao. Digrii moja ina sekunde 3,600, na Mwezi mpevu una upana wa sekunde 1,800 hivi. Mirihi ikiwa upande wa pili wa Jua hushuka chini ya sekunde 4, na hapo darubini ya nyumbani haitakuonyesha kitu hata uikuze vipi. Ikiwa mkabala hufika kati ya 14 na 25. Pengo hilo linatokana na njia ya Mirihi kuwa ya duaradufu: mkabala ukitokea wakati Mirihi iko karibu na Jua, sayari huonekana kubwa, ukitokea ikiwa mbali na Jua, huonekana ndogo.

Mkabala wa 19 Februari 2027 ni wa aina ya mbali. Mirihi itakuwa kama kilomita milioni 101 kutoka kwetu, na upana wake utakaribia sekunde 14. Unaofuata, wa 25 Machi 2029, utazidi huo kidogo tu. Wa 4 Mei 2031 utafika karibu 17, wa mwishoni mwa Juni 2033 kama 22, na wa 15 Septemba 2035 zaidi ya 24. Usisubiri 2035. Jicho la kuitazama Mirihi hufunzwa, na mwenye mikabala mitatu midogo nyuma yake atauvuna ule mkubwa mara nyingi zaidi ya anayeanza siku hiyo.

Anza kutazama wiki 6 kabla ya mkabala, uendelee hadi wiki 6 baada yake. Ndani ya muda huo upana hubaki juu ya sekunde 10, kiwango ambacho chini yake kazi huwa ngumu kwa darubini ndogo.

Jambo moja tulimalize hapa. Ujumbe unaozunguka kwenye simu kila Agosti ukidai Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi si kweli. Chanzo chake ni mkabala wa Agosti 2003, Mirihi ilipokaribia hadi kilomita milioni 55.76. Hata siku hiyo upana wake ulikuwa sekunde 25 tu. Ingebidi uikuze mara 70 na zaidi kwa darubini ndipo ilingane na Mwezi unaotazamwa kwa macho matupu.

Kuitambua angani

Mirihi hutembea kwenye njia ileile ya Jua na Mwezi, kupitia makundinyota ya zodiaki. Rangi yake ni ya chungwa iliyokolea, kama kaa la moto lililoanza kufifia, na nuru yake hutulia kuliko ya nyota. Nyota tatu huwapotosha wengi: Antares katika kundi la Nge, Aldebaran katika Ng'ombe, na Betelgeuse katika Jabari. Zote ni nyekundu, na zote humetameta zikiwa chini karibu na upeo. Ukiwa na shaka, weka alama ya mahali ilipo kati ya nyota za jirani, kisha rudi baada ya siku tano. Nyota itakuwa palepale. Mirihi itakuwa imesogea. Katika miezi ya mkabala utaiona ikirudi kinyumenyume kuelekea magharibi kwa majuma kadhaa, kwa sababu sisi ndio tunaoipita.

Mwanzoni mwa 2027 itakuwa katika kundi la Simba, na Mshtarii nao hautakuwa mbali. Mshtarii utang'aa zaidi na ni mweupe wenye umanjano, kwa hiyo rangi itakutosha kuzitofautisha.

Darubini na lenzi

Darubini yenye lenzi ya milimita 70 au 80 itakuonyesha umbo la duara, kofia ya barafu ikiwa kubwa, na doa moja au mawili meusi. Kuanzia milimita 100 madoa hupata maumbo. Milimita 150 hadi 200 ndiyo saizi tunayoipendekeza kwa mtu anayetaka kuifuatilia Mirihi kwa dhati, na darubini ya kioo kwenye kitako cha Dobson, yaani kitako rahisi kinachozungushwa kwa mkono, ndiyo inayokupa kipenyo kikubwa kwa fedha ndogo. Binokula haisaidii hapa zaidi ya kukuza rangi.

Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo au lenzi kuu hadi mahali taswira inapojikusanya) ukigawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini ya mm 1,200 na lenzi ya mm 6 hukupa mara 200. Kwa Mirihi ya sekunde 14, ukuzaji wa mara 130 huifanya ionekane na upana wa Mwezi wa macho matupu, na wa mara 200 huifikisha Mwezi mmoja na nusu. Hutaamini hesabu hiyo ukiwa kwenye lenzi, kwani jicho halina cha kulinganisha nacho na sayari huonekana ndogo kuliko ilivyo. Hesabu ni sahihi.

Kiwango cha juu cha maana ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo: 200 kwa darubini ya mm 100, 300 kwa ya mm 150. Usiku mwingi hewa haitakuruhusu kufika huko. Jiandae na lenzi tatu: moja ya kutafutia yenye mara 40 hadi 50, ya pili ya mara 120 hadi 150, ya tatu ya mara 200 hadi 250. Lenzi ya Barlow iliyo nzuri, inayowekwa mbele ya lenzi ya jicho, huongeza ukuzaji mara mbili na kukuokolea gharama. Zile za plastiki zinazouzwa pamoja na darubini za madukani, zenye ahadi ya mara 500 kwenye boksi, ziache ndani ya boksi.

Hewa ndiyo adui

Mwanga wa Mirihi husafiri kilomita milioni 100 bila kuguswa, kisha huharibika katika kilomita chache za mwisho. Hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika, kila tabaka hupinda mwanga kivyake, na taswira huchemka. Kuna kuchemka kwa aina tatu, na dawa zake ni tofauti.

Ya kwanza ni ya angani juu, na hiyo huna la kuifanya ila kusubiri usiku mwingine. Dalili yake ni nyota zinazometameta hadi zile zilizo juu utosini. Usiku mzuri wa sayari mara nyingi ni ule wenye ukungu mwepesi, hewa nzito na upepo kidogo, ambao mtazamaji wa nebula, yale mawingu hafifu ya gesi kati ya nyota, angeuita mbaya. Anga safi sana baada ya upepo mkali au mvua huwa angavu lakini yenye fujo.

Ya pili ni ya hapo ulipo. Bati, zege na lami hutoa joto la mchana hadi usiku wa manane. Simika darubini kwenye nyasi au udongo, na usitazame kupitia juu ya paa la jirani. Kutazama kupitia dirishani, hata lililo wazi, ni kupoteza usiku. Subiri sayari ipande zaidi ya digrii 40 juu ya upeo. Chini ya hapo mwanga hupita kwenye hewa nene, na ukingo mmoja wa sayari utaona umepakwa bluu, wa pili wekundu.

Ya tatu imo ndani ya darubini yenyewe, na ndiyo inayosahaulika. Kioo kilichotoka ndani ya nyumba yenye joto huendelea kutoa joto ndani ya bomba, na moshi huo usioonekana hupita mbele ya taswira. Toa darubini nje dakika 45 kabla kwa kioo cha mm 150, saa nzima au zaidi kwa mm 200 na kuendelea. Feni ndogo ya kompyuta ikipuliza nyuma ya kioo hupunguza muda huo sana. Kupima kama imepoa, elekeza kwenye nyota angavu, zungusha fokasi hadi nyota iwe sahani ya mwanga, kisha angalia. Ukiona mawimbi yanayopanda polepole kuelekea upande mmoja, kama mvuke juu ya sufuria, bado. Mawimbi yakiwa yanakimbia kwa kasi pande zote, hiyo ni ya angani.

Ukiwa na nyota hiyo, kagua pia ulinganifu wa vioo. Sogeza fokasi kidogo tu hadi uone pete. Pete ziwe na kitovu kimoja. Zikielemea upande, skrubu za kioo kikuu zinahitaji kurekebishwa, robo mzunguko kwa mara moja, huku ukiirudisha nyota katikati ya lenzi kila unapogusa. Vioo visivyolingana hufuta madoa ya Mirihi kabisa, na mtu hulaumu anga mwaka mzima.

Kwenye lenzi

Hapa huhitaji giza. Mirihi ina mwanga mwingi, na jicho lililozoea giza huiona kama taa ya gari: mng'ao unafunika madoa na rangi hupotea. Acha taa ya kibarazani iwake au anza jioni kabla giza halijatanda. Kwa sababu hiyohiyo mjini panafaa sawa na shambani.

Anza na ukuzaji mdogo, iweke sayari katikati. Panda hadi mara 120 hadi 150, tafuta fokasi kwenye ukingo wa sayari, si katikati yake: ukingo ukiwa mkali kama umekatwa kwa mkasi, umefika. Zungusha fokasi polepole, ipite kidogo, urudi. Kaa kwenye kiti. Si anasa, mtu aliyeinama shingo haoni kitu baada ya dakika tano.

Sasa subiri. Dakika ya kwanza utaona chungwa tupu. Kisha, kwa nusu sekunde, hewa itatulia na doa jeusi litajitokeza, halafu lizame. Dakika moja baadaye litarudi mahali palepale. Kila mtulio huacha kitu kichwani, na baada ya dakika 15 unaanza kuunganisha. Ndipo uongeze ukuzaji. Taswira ikizidi kuwa kubwa bila kuongeza jambo jipya, rudi chini. Saizi ndogo iliyo kali inashinda kubwa yenye ukungu. Ukiona nyuzi na vijidudu vya kivuli vinavyoogelea, hivyo viko ndani ya jicho lako mwenyewe, na hujitokeza mshale wa mwanga unaotoka kwenye lenzi unapokuwa chini ya mm 0.7 hivi. Kuupata upana wa mshale huo, gawanya kipenyo cha darubini kwa ukuzaji.

Unachotafuta

Kwanza kofia ya ncha. Mhimili wa Mirihi umeinama digrii 25, karibu sawa na wa Dunia, na ina majira manne, ila kila moja ni refu kama mara mbili ya ya kwetu. Mnamo 2027 ncha ya kaskazini itaelekea kwetu na huko itakuwa mwisho wa majira ya kuchipua. Kofia itakuwa imeshayeyuka kwa sehemu kubwa: kitone kidogo cheupe, kikali, kilichozungukwa na ukanda mweusi. Usikichanganye na weupe hafifu utakaouona upande wa kusini. Huo mara nyingi ni mawingu na jalidi katika bonde kuu la Hellas, na umewadanganya watazamaji wengi wazoefu.

Kisha madoa. Syrtis Major ndiyo ya kuanza nayo: pembetatu nyeusi inayoelekeza ncha kaskazini, iliyochorwa na Christiaan Huygens mwaka 1659. Kama saa 5 baada ya Syrtis Major kupita katikati, hufika Sinus Meridiani, na kaskazini yake kidogo baadaye Mare Acidalium, doa pana ambalo, mwaka ncha ya kaskazini inapotuelekea, huwa ndilo jeusi kupita yote. Upande wa Tharsis, kwenye volkano kubwa, hauna madoa ya kutosha. Ukiukuta usiku wako wa kwanza, utadhani darubini ni mbovu.

Dawa yake ni kujua mzunguko. Mirihi hujizungusha kwa saa 24 na dakika 37. Ukitazama saa ileile kila usiku, kila doa litachelewa dakika 40 hivi, na sura nzima itarudi nyuma kama digrii 9. Kwa hiyo upande usioonekana leo utakufikia baada ya wiki mbili au tatu, na ndani ya wiki sita hivi utakuwa umeizunguka sayari yote bila kubadilisha saa ya kutazama. Programu za nyota kama Stellarium hukuonyesha uso uliopo wakati wowote.

Kujua pande, acha darubini bila kuisogeza. Sayari itaelea nje ya uwanja, na ukingo unaotangulia kutoka ndio wa magharibi. Madoa nayo husogea kuelekea ukingo huohuo. Kumbuka darubini ya vioo viwili hugeuza taswira juu chini, na ile ya lenzi yenye kioo cha pembe hugeuza kushoto na kulia.

Mawingu yatakuwa mengi mwaka 2027, kwa kuwa Mirihi ikiwa mbali na Jua hupata ukanda wa mawingu ya barafu karibu na ikweta yake. Tafuta weupe wa bluu ukingoni, hasa juu ya Tharsis inapofika huko mchana wake. Vumbi ni habari ya mikabala ya karibu: mwaka 2018 dhoruba ilifunika sayari nzima, na wengi waliosubiri miaka 15 wakaona chungwa tupu. Doa unalolijua likififia au likikatwa na ukanda wa manjano, andika saa na tarehe papo hapo.

Vichujio husaidia kidogo, visibadilishe mipango yako. Cha chungwa, namba 21, huongeza utofauti wa madoa na kutuliza hewa kwa macho. Chekundu namba 25 ni cha darubini za mm 200 na zaidi. Kwenye ndogo hula mwanga wote. Cha bluu, 80A, hudhihirisha mawingu na jalidi. Ukinunua kimoja, kiwe cha chungwa.

Simu na kamera

Picha moja haitoshi kamwe, kwa kuwa hewa huharibu fremu nyingi. Rekodi video. Kwa simu, tumia kishikizo kinachofunga simu kwenye lenzi, gusa sayari kwenye skrini na ufunge fokasi na mwanga, kisha punguza mwanga hadi chungwa liache kuwa jeupe. Rekodi sekunde 60. Kwa kamera ya sayari, uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha darubini, huandikwa f/) uwe kama mara 5 ya ukubwa wa pikseli kwa mikromita. Pikseli ya 2.9 inataka f/14 au f/15. Dakika 3 zatosha kabla mzunguko haujaanza kuchafua taswira. Programu ya AutoStakkert huchagua fremu bora na kuzipanga juu ya nyingine. Anza na asilimia 20 iliyo bora. Ukinoa kupita kiasi, pete jeusi litatokea ndani ya ukingo angavu. Hilo limetengenezwa na programu, halipo Mirihi.

Kuchora

Hata mwenye kamera achore. Mkono unaotafuta pa kuweka alama hulazimisha jicho kuuliza swali. Andaa duara la mm 50 kwenye karatasi, penseli laini na pamba ya kulainisha. Weka kofia ya ncha kwanza, kisha madoa meusi makuu, na mahali pake pawe pamekamilika ndani ya dakika 10, maana ndani ya dakika 20 sayari huwa imegeuka digrii 5. Vivuli vyepesi vifuate.

Chora tu ulichokiona angalau mara tatu, mahali palepale. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, mtazamaji hodari, alichora mistari aliyoiita mifereji, na ulimwengu ukaamini kuna wakulima Mirihi. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi aliitazama kwa darubini ya sentimita 83 ya Meudon, Ufaransa, katika hewa tulivu, na mistari ikavunjika kuwa madoa na vivuli visivyo na mpangilio. Jicho lililochoka huunganisha nukta kuwa mstari.

Pembeni andika tarehe, kipenyo cha darubini, ukuzaji, kichujio, na hali ya hewa kwa kipimo cha 1 hadi 5. Saa iandikwe kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na kwa mfumo wa saa 24, kwa sababu "saa tatu usiku" na 3:00 ya usiku zimepishana saa sita, na kosa la saa sita kwenye Mirihi ni karibu digrii 90 za uso wake. Ramani ifunguliwe baada ya penseli kuwekwa chini. Ukiiangalia kabla, utachora ramani.